Fangasi wa ukeni wanarudi kila mwezi, nimechoka. Aliyepona aniambie alifanya nini

Mbanguaji wa Newala

Habari zenu wapendwa, na wakubwa wote shikamooni. Jambo hili ni la aibu kulisema mdomoni, ila humu hakuna anayeijua sura yangu, acha niseme.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina binti mmoja yuko darasa la pili. Naishi Newala. Nabangua korosho na kikundi cha akina mama, na kazi ikipungua nauza mihogo na mbaazi. Kinachonitesa ni fangasi sehemu za siri. Wanaanza siku chache kabla ya hedhi. Muwasho unakuwa mkali kiasi kwamba usiku silali, mashavu ya nje yanavimba na kuwa mekundu, na nikikojoa, mkojo ukigusa pale nje natamani kupiga kelele. Uchafu unaotoka ni mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyokatika. Harufu haina, au ni ndogo sana. Hedhi ikija napata nafuu, mwezi unaofuata yale yale. Sasa ni zaidi ya mwaka.

Nikienda duka la dawa napewa kidonge kimoja cha flukonazoli, au vile vya kuchomeka. Napoa, nashukuru Mungu, halafu wanarudi. Zahanati moja walinipima mkojo wakasema ni UTI, nikapewa siprofloksasini. Nikamaliza dozi vizuri kabisa, na fangasi wakaja kwa nguvu kuliko mwanzo. Nikarudi, nikaambiwa UTI bado ipo, safari hii nikachomwa sindano. Tangu hapo maisha yangu ni UTI, fangasi, UTI, fangasi.

Lililonifanya niandike leo ni hili. Mwenzangu mmoja kwenye kikundi amesema fangasi wakikaa muda mrefu wanapanda kwenye kizazi na kuziba mirija. Sisi tunatafuta mtoto wa pili na bado hajapatikana. Kuna dada anatangaza kwenye simu dawa ya kusafisha kizazi, laki na nusu, na amenihakikishia kuwa bila hiyo sitashika mimba. Laki na nusu kwangu ni ada, ni unga, ni kila kitu. Halafu mume wangu juzi aliniuliza taratibu kama ndani ya ndoa yetu tuko wawili tu. Hakugomba, lakini niliumia sana, kwa sababu sijawahi kutoka nje ya ndoa.

Kweli wanaharibu kizazi? Mbona hawaishi? Na je, mume wangu naye anywe dawa? Wa huku kusini aliyepita njia hii aniambie alikwenda hospitali gani. Nitasoma kila jibu.

Dada wa Shangani

Pole mpenzi. Mimi nilikuwa nao miaka ile nasoma. Nilielekezwa kumenya punje ya kitunguu saumu, unaifunga uzi unaiweka ndani ukilala, asubuhi unaitoa. Wengine wanapaka mtindi. Muwasho ulipungua. Hiyo ya laki na nusu usinunue, wanatafuta hela tu hao.

Mkunga mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya uuguzi na ukunga Lindi na Mtwara hadi nikastaafu, na ninayoyasoma hapa nimeyasikia kwa wanawake wengi, mlango ukiwa umefungwa, wengine wakilia. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo lenyewe linataka urefu.

Tuanze na kizazi, maana ndicho kinachokutia hofu. Fangasi wa ukeni hawapandi kwenda kuziba mirija. Wanakaa ukeni na kwenye ngozi ya nje, wanawasha, wanachubua, na kazi yao inaishia hapo. Mirija huharibiwa na bakteria, hasa wa kisonono na wa klamidia, ambao kweli hupanda juu. Huo ni ugonjwa mwingine, unapimwa kivyake na una dawa zake. Laki na nusu yako ibaki nyumbani ikalipe ada. Kizazi hakihitaji kusafishwa na mtu, hedhi inatosha. Ikiwa mimba inachelewa, nendeni kliniki wewe na mumeo, mpimwe wote wawili, na yeye mbegu zake ziangaliwe.

La uaminifu nalo lisikuvunje ndoa. Fangasi wanaoitwa kandida wanaishi kwenye utumbo na ukeni mwa wanawake wengi wazima bila kuwasumbua. Huibuka hali ya humo ndani ikibadilika. Wanawake wapatao watatu katika kila wanne huwapata angalau mara moja maishani, na hata msichana ambaye hajamjua mwanamume anaweza kuwapata. Hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Msomeshe mumeo maneno haya, mwambie yametoka kwa mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Nimesoma ulichoandika nikarudia. Mkojo umepimwa, dawa umepewa, sindano umechomwa. Hakuna mahali uliposema kuna mtu alichukua ute wa ukeni kwa pamba, akaupaka kwenye kioo, akautazama kwenye hadubini. Mwaka mzima unatibiwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutazama. Dalili zako zinafanana na fangasi, hasa hayo mabonge yasiyo na harufu na kuanza kabla ya hedhi. Lakini muwasho una wenyewe wengi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, walichukua wanawake waliokuja kujinunulia dawa za fangasi wakawapima: kama theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yao. Wengine walikuwa na bakteria, wengine mchanganyiko, wengine hawakuwa na kitu. Na hao waliamini kabisa kuwa wanajijua.

Mabadiliko ya bakteria ukeni huleta majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki, na harufu huzidi baada ya tendo la ndoa. Trikomonasi mara nyingi huleta uchafu wa manjano au wa kijani, pengine na povu, na huyo huambukizwa kwa ngono. Yote mawili flukonazoli haiyagusi kabisa.

Kuhusu hiyo UTI, napata uchungu kila ninapoisikia. Umesema mkojo ukigusa nje ndipo unapoumia. Hiyo ni ngozi iliyochubuka. Mwenye UTI ya kibofu kwa kawaida anaumia ndani, anabanwa mkojo kila mara, akienda anatoa kidogo. Mkojo unaopita juu ya uchafu wa ukeni hubeba chembe nyeupe za damu, zinaonekana kwenye kipimo, na mtu mwenye haraka anaandika UTI. Kisha unapewa antibiotiki. Ukeni kuna bakteria wema, laktobasili, wanaotengeneza uchachu unaowazuia wengine wasistawi. Antibiotiki inaweza kuwaua hao, na fangasi haiwafanyi chochote. Ni sawa na kuwafukuza walinzi wa ghala la korosho kwa sababu usiku umesikia kelele. Kwa hiyo kila dozi ya UTI huenda ndiyo iliyowaita fangasi wako waliofuata. Siku nyingine ukiambiwa UTI, safisha nje kwa maji, toa mkojo wa katikati, yaani ule wa mwanzo uache umwagike, na uombe mkojo uoteshwe maabara ionekane kama kweli kuna bakteria, kabla hujameza kitu.

Kuna kitu kimoja cha kazi yako ambacho daktari wa mbali hawezi kukuuliza. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, wewe unayajua kuliko mimi. Hata ukipaka majivu au mafuta ya kula mikononi, mengine yanabaki kwenye vidole na kwenye kucha. Sasa unainuka kwenye kazi unakwenda chooni, unajishika, unajisafisha. Ngozi ya kule ni laini mno. Nimeona akina mama wabanguaji wenye wekundu ambao hadubini haikuonyesha fangasi hata mmoja. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kwenda haja, si baada tu. Najua Newala maji yana shida yake, lakini kidumu kidogo kando ya mahali pa kazi kinatosha.

Nalo la kujisafisha ndani lazima niliseme. Mimi nimechezwa unyago, na nyakanga wangu nilimheshimu hadi alipotangulia mbele za haki. Alitufundisha mengi mazuri. Lakini kujiosha ndani kwa kidole na sabuni, kuweka shabu, ugolo, maji ya chumvi au dawa za majani, kunaharibu ule uchachu niliousema. Uke unajisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji matupu, basi. Dada wa Shangani, wewe umesaidia kwa moyo mwema na juu ya ile dawa ya kizazi tuko pamoja, ila kitunguu saumu kinaunguza, nimewahi kumsafisha binti aliyebabuka kwa sababu yake. Mtindi unywe, ni chakula kizuri. Usiuweke kule.

Nenda hospitali yenye maabara ya kueleweka. Kwa wewe wa Newala, Ndanda si mbali sana. Walio Mtwara mjini wana Ligula na ile ya kanda pale Mitengo, walio Lindi wana Sokoine, na wa Nyangao wana ya kwao. Nenda dalili zikiwa zimepamba moto, kabla hujameza wala kuchomeka kitu, maana ukishatumia dawa kioo hakisemi kweli. Omba ute uangaliwe kwa hadubini na uchachu wake upimwe. Kipimo hicho huitwa pH, na namba ikipanda maana yake uchachu umepungua. Kwa fangasi, namba huwa ile ya kawaida, haizidi 4.5, na kwa ile ya bakteria huzidi. Omba na sukari, VVU na mimba. Sikutishi, fangasi si dalili kwamba una VVU, ila kinga ikishuka au sukari ikipanda wanapata nafasi, na ukijua unatibu shina.

Wakithibitika kuwa ni fangasi, na wamekurudia mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, kidonge kimoja hakitoshi. Utaratibu unaojulikana ni flukonazoli miligramu 150 siku ya kwanza, ya nne na ya saba, kisha kimoja kila wiki kwa miezi sita. Ndiyo, sita. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wanawake tisa katika kumi walikuwa salama walipomaliza miezi hiyo. Ulipotimia mwaka tangu waanze, waliobaki salama walikuwa chini ya nusu. Nakueleza hili ili wakirudi siku moja usidhani umerogwa. Lakini wewe unatafuta mtoto, na flukonazoli tunaiepuka kwa mjamzito, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo usianze ratiba hiyo peke yako. Daktari anaweza kukupa klotrimazoli ya kuchomeka kwa muda mrefu badala yake. Na kama hata hiyo haikusaidia, ute uoteshwe ijulikane ni aina gani, kwani kuna kandida wengine, kama glabrata, ambao flukonazoli haiwawezi vizuri.

Mama wa Mikindani

Mama mkunga ubarikiwe. Naongeza kwenye la sukari kwa sababu lilikuwa langu.

Mimi nilisumbuka hivyo hivyo nikiwa na miaka arobaini na kitu. Nilidhani ni joto la pwani na nguo za ndani za nailoni. Nikabadilisha zote nikavaa za pamba, nikaanika juani, nikalala bila kuvaa, wapi! Kilichoniokoa ni muuguzi mmoja aliyeniuliza kama usiku naamka kukojoa na kama nina kiu. Nikamwambia ndiyo, lakini si joto? Akanipima sukari asubuhi sijala kitu, ikawa juu sana. Mama yangu mzazi alikuwa na kisukari na sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili. Nilipoanza dawa, nikapunguza wali wa jioni na soda, fangasi walipungua wenyewe hadi nikasahau. Sasa wakirudi najua sukari imepanda kabla hata sijachomwa kidole.

Mdogo wangu wa Newala, una ndugu mwenye sukari? Ulipokuwa na mimba ya binti yako ulipimwa? Usilipuuze hata kama una miaka 29.

Baba wa Nachingwea

Samahanini kuingia kwenye mazungumzo ya akina mama. Mke wangu ana hali hii na mimi baada ya tendo la ndoa nawashwa, kichwa cha uume kinakuwa na vipele vyekundu. Ninywe dawa naye? Naogopa kwenda zahanati, wahudumu ni mabinti wadogo.

Mkunga mstaafu, Lindi

Umefanya vizuri kuuliza baba, na wapo wanaume wengi wanaonyamaza. Mume asiye na dalili hahitaji dawa. Imejaribiwa kuwatibu waume ili wake wasirudiwe, haikuleta tofauti. Mwenye wekundu na muwasho kama wewe anatibiwa kwa sababu yeye mwenyewe anaumwa, mara nyingi kwa krimu ya klotrimazoli. Ila wekundu si lazima uwe fangasi, kwa hiyo uonwe. Mwombe mhudumu wa kiume, ni haki yako. Wakati huo pima sukari na wewe. Na ikiwa mkeo ataonekana ana trikomonasi, hapo habari inageuka: mnatibiwa wote wawili na mnasubiri kukutana mpaka mmalize.

Jambo jingine kwa wote wanaopanga uzazi kwa kondomu: klotrimazoli ya kupaka na ya kuchomeka hudhoofisha mpira. Msiutegemee siku hizo.

Mbanguaji wa Newala

Nimerudi wapendwa. Asanteni, na wewe mama wa Lindi nakuombea kila siku.

Nilisubiri mpaka wakaanza tena, sikuweka kitu, nikavumilia. Nikapanda gari hadi Masasi, nikaunganisha Ndanda. Daktari alikuwa mwanamke, alinisikiliza hadi mwisho. Ute ukachukuliwa, maabara wakasema wamewaona fangasi, trikomonasi hakuna. Mkojo uko safi! VVU sina, mimba sina, sukari ya asubuhi 5.2, kasema ni nzuri. Nilipomwambia kuhusu zile antibiotiki alitikisa kichwa, akaandika kwenye faili nisipewe dawa ya UTI bila mkojo kuoteshwa. Kwa sababu natafuta mtoto amenipa klotrimazoli ya kuchomeka, kwanza mfululizo, halafu mara moja kwa wiki kwa miezi sita, na nirudi kuonwa katikati.

Mume wangu nilimsomea yote. Alikaa kimya, kisha akasema tutakwenda wote kliniki kuhusu mtoto, na yeye atapima. Kwenye kikundi nimeweka kidumu na sabuni, akina mama wengine wameanza kukitumia, na wawili wamenifuata pembeni kunieleza kuwa nao wanawashwa.

Swali moja limebaki. Jino la nyuma linaniuma, limevimba kidogo, na duka la dawa wameniambia ninunue amoksilini. Hiyo si antibiotiki? Nifanyeje na fangasi ndiyo kwanza wametulia?

Mkunga mstaafu, Lindi

Umenifurahisha mwanangu, na mumeo mpe salamu zangu.

Ndiyo, amoksilini ni antibiotiki. Usiinunue dukani. Nenda kwa daktari wa meno pale hospitali ya wilaya. Jino bovu dawa yake kwa kawaida ni kuzibwa au kung'olewa, vidonge vinatuliza tu na kesho linarudi. Daktari akisema uvimbe umefikia kuhitaji antibiotiki, au ukipata homa na shavu likaendelea kuvimba, itumie na uimalize, jino lenye usaha si la kuchezea. Ila mwambie kabla hajaandika kwamba uko kwenye dawa ya fangasi wanaojirudia, na ile ya kuchomeka usiikatize. Wale wawili wa kikundi waambie wasinunue kitu, waende wapimwe ute, na wakitaka kuniuliza waniandikie hapa hapa.